Sura ya Sita: Bunduki ya Saa Nane Usiku

Juni 26, 2008, Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani alifanya kazi ambayo kwa kawaida huachiwa muuza bunduki aliyesimama nyuma ya kaunta: alieleza ni silaha gani inamfaa mwenye nyumba. Mdai alikuwa Dick Heller, mlinzi wa jijini Washington. Kazini alibeba bastola akilinda jengo la serikali, lakini jioni hakuruhusiwa kuwa na bastola nyumbani, kwa kuwa jiji lilikuwa limezipiga marufuku tangu miaka ya 1970. Heller alishinda kwa kura tano dhidi ya nne. Katika hukumu hiyo Scalia alitaja sababu zinazoweza kumfanya mtu aipende bastola kuliko bunduki ndefu. Huwekwa mahali pa kufikika haraka. Mshambuliaji hapati urahisi wa kuipokonya. Asiye na nguvu za kuinua na kulenga bunduki ndefu anaimudu. Tena mkono mmoja unaweza kumwelekezea mwizi huku wa pili ukipiga simu polisi.

Mwaka 2013, Makamu wa Rais Joe Biden alitoa ushauri tofauti kabisa. Akijibu maswali ya wazazi mwezi Februari, alisimulia kwamba alimwambia mkewe, Jill, akihisi hatari atoke barazani na shotigani (bunduki ya marisau) ya mitutu miwili apige risasi mbili. Bunduki ya AR-15, alidai, ni ngumu zaidi kulenga. Wanasheria walishika vichwa. Katika sehemu nyingi za Marekani kufyatua risasi hewani ili kutisha watu ni kosa la jinai, na bunduki ya mitutu miwili ikishapigwa mara mbili inabaki gongo. Mwezi Julai mwaka huohuo mwanamume mmoja wa jimbo la Washington alishtakiwa kwa kufyatua risasi hewani akifukuza watu aliowashuku kuwa wezi wa magari. Waandishi wa habari walipomuuliza, alijibu kwamba alifuata maneno ya Biden.

Jaji na mwanasiasa walijibu swali lilelile: ipi? Ndilo swali linaloulizwa kila siku kwenye maduka ya silaha kuanzia Texas hadi Maine, na lina ladha yake, maana wanaume hasa hufurahia kubishania vyuma. Lakini kila jibu huja na hatari yake. Bastola inayofikika haraka na baba inafikika haraka na mtoto. Shotigani inayomwangusha mvamizi inaweza kumfikia binti aliyelala chumba cha pili. Bunduki iliyofungiwa vizuri kwenye sefu inachelewa. Anayechagua silaha ya nyumbani anachagua pia ajali ambayo yuko tayari kuishi karibu nayo, na jambo hilo kaunta nyingi hulipita kimya.

Ukubwa wa soko lenyewe unashangaza. Utafiti wa Small Arms Survey wa mwaka 2018 ulikadiria kuwa raia wa Marekani wanamiliki bunduki milioni 393, nyingi kuliko idadi yao wenyewe. Mwaka 1999 wamiliki wengi walipoulizwa sababu walitaja uwindaji; kituo cha utafiti cha Pew kilipouliza mwaka 2023, asilimia 72 walisema ulinzi ni sababu kubwa. Kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 watu wazima wapatao milioni 7.5 walinunua bunduki kwa mara ya kwanza, karibu nusu yao wanawake na mmoja kati ya watano Mweusi. Mnunuzi wa leo hafanani na mkulima mwenye kofia pana anayeonekana kwenye filamu.

Je, wanajikinga na nini? Idara ya takwimu za haki ya Marekani ilichunguza uvunjaji wa nyumba wa mwaka 2003 hadi 2007 na kupata wastani wa matukio milioni 3.7 kwa mwaka. Katika karibu robo tatu mwizi hakukuta mtu, na huenda ndivyo alivyopanga. Wenyeji walikuwemo katika asilimia 28, na ukatili ulitokea katika asilimia 7 ya matukio yote. Asilimia 7 ya idadi hiyo ni zaidi ya kaya laki mbili na nusu kila mwaka, kwa hiyo hofu hii si ya kubuni. Lakini takwimu zilezile zinaonyesha kuwa wengi wa waliotenda ukatili huo walifahamika kwa mwathirika: mume wa zamani, jamaa, jirani. Adui wa kwenye matangazo ya bunduki huwa mgeni aliyevaa barakoa. Mhalifu halisi mara nyingi anajua jina la mbwa.

Sasa kuhusu vyuma vyenyewe.

Bastola ina sifa zote alizozitaja Scalia. Asichokitaja ni kwamba ndiyo silaha ngumu kuliko zote kulenga. Mtutu wake ni mfupi, haina kitako cha kukaza begani, na mkono ukitetemeka kidogo tu risasi inakwenda kando. Shirika la RAND lilipochambua rekodi za polisi wa New York za mwaka 1998 hadi 2006, lilikuta kwamba pale mshukiwa alipojibu kwa risasi, polisi walipata shabaha kwa asilimia 18 tu. Pale asipojibu, walifikia asilimia 30. Hao ni watu waliofunzwa, wanaolipwa kwa kazi hiyo na kupimwa mara kwa mara. Mwalimu wa hesabu aliyeamka saa nane usiku, miwani haioni ilipo, asitarajie kuwapita.

Rivolva, yaani bastola ya silinda, bado inapendwa na wazee kwa urahisi wake: haina magazini, na risasi isipolipuka mtu anavuta triga tena na silinda inaleta nyingine. Huchukua risasi tano au sita. Wauzaji wengi hupenda kumpa mwanamke rivolva ndogo ya mtutu mfupi kwa hoja kwamba inaenea mkononi, kumbe udogo huo ndio unaoifanya iruke kwa nguvu, na triga yake nzito huuvuta mkono kando. Bastola ya ukubwa wa kawaida, ya milimita 9, ni rahisi zaidi kwa mtu mwenye mkono mdogo kuipiga sawasawa. Hilo liliisaidia FBI kurudi kwenye milimita 9 katikati ya muongo uliopita, baada ya miaka mingi ya kutumia risasi kubwa zaidi.

Shotigani imezungukwa na uongo mtamu. Wa kwanza ni kwamba haihitaji kulengwa, kwa kuwa marisau hutawanyika. Katika umbali wa chumbani hayatawanyiki hivyo. Kwa makadirio ya kawaida ya wapigaji, duara la marisau hupanuka kwa takribani sentimita mbili na nusu kila mita moja, hivyo upande wa pili wa sebule bado limekusanyika kwa ukubwa wa ngumi au zaidi kidogo. Asiyelenga atakosa. Uongo wa pili ni kwamba mlio wa kuikoki peke yake humkimbiza mwizi. Labda wengine hukimbia. Ila mlio huo pia humwambia mwenye silaha kwamba mwenye nyumba ameamka, yuko upande gani, na ameshika nini. Na iliyo kweli kuhusu shotigani husahaulika: ina urefu wa karibu mita moja, inasumbua kwenye ukumbi mwembamba na kwenye kona, na teke lake humtia hofu asiyeizoea hata akaacha kufanya mazoezi.

Halafu ipo AR-15. Herufi hizo mbili zimetokana na jina la kampuni ya ArmaLite, alikofanya kazi msanifu wake, Eugene Stoner. Kwa wanaotaka ipigwe marufuku ni silaha ya mauaji ya halaiki, na shule zilizoshambuliwa ni ushahidi wao. Kwa mamilioni ya wamiliki ni bunduki nyepesi, isiyopiga teke kali, inayoshikwa kwa mikono miwili na kukazwa begani, kwa hiyo hulengwa kwa urahisi kuliko bastola. Kwa upande wa ufundi, wote wawili wanaeleza chombo kilekile: kinachomsaidia mlinzi kulenga ndicho kinachomsaidia muuaji.

Ubishi wa silaha tatu hizi huishia kwenye ukuta, na hapa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anahitaji kuhamisha mawazo. Nyumba nyingi za Marekani hazijengwi kwa tofali za saruji. Ni fremu ya mbao, na kuta za ndani ni bodi mbili za jipsamu, ileile inayotumika huku kwa dari, kila moja ikiwa na unene wa sentimita 1.3 hivi, na katikati ni hewa. Madirisha hayana nondo. Mlango wa mbele mara nyingi umepakana na kioo. Mtoto analala umbali wa bodi mbili au nne kutoka mahali ambapo baba atafyatulia.

Risasi ipi, basi, itamwangusha mvamizi na kusimama kwenye bodi hizo? Swali hili lina historia. Aprili 11, 1986, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki jijini Miami. Mapema katika mapambano risasi ya milimita 9 ilimpata mmoja wao, Michael Platt, ikapita mkononi na kuingia kifuani, ikasimama kabla ya kuufikia moyo. Jeraha lile lilikuwa la kufisha, lakini Platt aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Maofisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. FBI ikaweka kipimo kipya: risasi nzuri lazima izame angalau sentimita 30 na isizidi 45 hivi ndani ya jelatini maalumu inayofanana na nyama ya mwili. Kipimo hicho kimekuwa sheria isiyoandikwa ya watengenezaji wa risasi za kujilinda.

Fikiria maana yake. Risasi iliyoundwa kuzama sentimita 30 mwilini haiwezi kuzuiwa na sentimita 1.3 za jipsamu. Risasi za bastola, hata zile za ncha yenye tundu zinazopanuka zikigonga mwili, hupita ukuta baada ya ukuta, kwa kuwa tundu huzibwa na unga wa jipsamu na risasi haipanuki. Marisau makubwa ya shotigani ya geji 12 ni chembe nane au tisa zenye kipenyo cha karibu milimita 8.4, na kila chembe husafiri kivyake. Risasi nyepesi ya AR-15, inayokwenda kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde, mara nyingi huanza kupinduka na kuvunjika baada ya ukuta wa kwanza, jambo linalowashangaza wanaodhani bunduki kubwa ndiyo hupenya zaidi. Ila kuvunjika si kusimama. Marisau madogo ya kuwindia ndege hupungua nguvu mapema kuliko yote, na kwa sababu hiyohiyo huweza kumchubua mvamizi bila kumzuia. Hakuna ganda la risasi dukani linalojua tofauti kati ya mwizi na ukuta.

Kwa hiyo wakufunzi makini huanza na ramani ya nyumba kabla ya kugusa silaha. Nani analala wapi? Nikisimama pembeni mwa kitanda nikaelekea mlangoni, nyuma ya mlango kuna nini? Wengi hushauri familia ijikusanye kwenye chumba kimoja, ifunge mlango, ipige simu 911 na kungoja, badala ya baba kuzunguka gizani akisaka mtu. Na hushauri mambo yasiyo na mvuto wowote: taa ya nje, mbwa mwenye kelele, na kubadilisha skrubu fupi za kitasa kwa ndefu za sentimita 7 au 8 zinazofika kwenye nguzo ya fremu. Mwaka 1983 sajini Dennis Tueller wa polisi wa Salt Lake City alipima na kuonyesha kwamba mtu mwenye kisu huvuka karibu mita sita na nusu kwa sekunde moja na nusu. Vyumba vingi havina urefu huo. Sekunde ambazo bastola haiwezi kuzitengeneza, skrubu ya senti chache inaweza.

Kisha huja ubainishaji, yaani kumjua unayetaka kumpiga.

Usiku wa Februari 14, 2013, jijini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alichukua bastola yake ya milimita 9 iliyokuwa chini ya kitanda, akatembea bila miguu yake ya bandia hadi bafuni, akafyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Pistorius alisema alisikia dirisha likifunguka akaamini ni mvamizi. Waendesha mashtaka hawakumwamini. Kwa hoja ya sura hii, tuchukue maelezo yake kama alivyoyatoa, kwa kuwa hata hivyo yanatisha. Nyumba ilikuwa ndani ya mtaa wenye ukuta, uzio wa umeme na walinzi. Silaha ilifikika mara moja, kama Scalia alivyotaka. Risasi zilikuwa za kupanuka, zile bora za kujilinda. Mmiliki alikuwa na leseni, na muuza silaha aliieleza mahakama kwamba alikuwa amefaulu mtihani wa sheria, ukiwemo wa lini mtu anaruhusiwa kufyatua. Kilichokosekana ni swali moja lililosubiri jibu: ni nani huyo?

Jaji Thokozile Masipa alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ikabadilisha kuwa hatia ya kuua kwa kukusudia: yeyote aliyekuwa ndani ya choo kile kidogo, awe mpenzi au mwizi, mfyatuaji alijua anaweza kumuua. Kifungo kilifikia miaka 13 na miezi mitano. Aliachiwa kwa parole Januari 2024.

Marekani ina visa vyake. Mwaka 1992 Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa miaka 16 kutoka Japani, alikwenda kwenye sherehe mjini Baton Rouge, akakosea nyumba, akapigwa risasi na mwenyeji aliyeshika rivolva kubwa. Mahakama ya jinai ilimwachia mwenye nyumba mwaka uliofuata. Mahakama ya madai ikaamuru wazazi wa kijana walipwe dola 650,000. Ndiyo maana tochi yenye mwanga mkali huhesabiwa na wakufunzi kuwa sehemu ya silaha. Iliyo mkononi ni bora kwa kazi hii kuliko iliyofungwa mtutuni, kwa kuwa ile ya mtutuni humulika tu kile ambacho bunduki imekwisha kukielekea.

Yote haya yanahusu usiku mmoja ambao kwa familia nyingi hautafika kamwe. Bunduki, hata hivyo, itakaa nyumbani siku nyingine zote, na humo ndimo hesabu inapokuwa nzito. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 Marekani. Zaidi ya nusu, 26,328, walijiua. Watafiti waliowafuatilia watu wazima milioni 26 wa California kati ya 2004 na 2016 waliona kwamba wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki mara nane zaidi ya wanaume wasio nazo. Kwa wanawake, mara 35. Wapinzani husema anayetaka kufa atatafuta njia nyingine. Lakini jaribio la kujiua kwa bunduki huishia kifo karibu mara tisa kati ya kumi, ilhali njia nyingi nyingine huacha nafasi ya mtu kubadili mawazo au kuokolewa.

Kisha watoto. Makadirio ya mwaka 2015 yalisema watoto milioni 4.6 wa Marekani waliishi kwenye nyumba yenye angalau bunduki moja iliyojaa risasi na isiyofungwa. Wazazi wao wengi walinunua kwa ajili ya watoto haohao. Sefu ndogo ya kando ya kitanda, ya namba au alama ya kidole, hufunguka kwa sekunde chache na hupunguza mvutano kati ya haraka na usalama. Haiumalizi. Kijana wa miaka 15 anaweza kuijua namba ya siri kabla mama hajajua kuwa anaijua.

Waswahili walioko Minneapolis, Houston au Columbus hukutana na swali hili pia, na wengine huvutwa na urahisi wa duka: fomu ya serikali, ukaguzi wa rekodi, malipo. Aliyetoka Kenya, ambako ruhusa hupitia Bodi ya Leseni za Silaha, anaweza kudhani mambo yameachwa wazi. Hayakuachwa. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Mwanafunzi au mgeni mwenye viza ya muda, kwa kawaida, sheria ya shirikisho humkataza hata kuishika, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Rafiki anayemwazima bastola kwa wema anaweza kumfungulia mashtaka ya jinai na mlango wa kurudishwa kwao.

Afrika Kusini imechagua njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2000 humchagulia raia. Leseni ya kujilinda hutoa silaha moja, bastola isiyo otomatiki au shotigani isiyojikoki yenyewe, hudumu miaka mitano, na humtaka mwombaji awe na cheti cha umahiri na sefu inayokaguliwa. Mwaka 2021 rasimu ya marekebisho ilipendekeza kujilinda kusiwe tena sababu halali ya kupata leseni, na kelele zilizofuata zilitoka kwa Weusi na Weupe, mjini na mashambani.

Marekani haitafika huko karibuni, kwa hiyo kilichobaki ni kaunta yenyewe. Mwaka 2009, katika jimbo la New Hampshire, watu watatu wasiofahamiana walinunua bunduki kwenye duka moja ndani ya muda usiofika wiki, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Mwenye duka, mfanyabiashara wa silaha wa miaka mingi, alikubali kukaa na watu wa afya ya jamii ambao kwa kawaida wafanyabiashara wenzake huwaona maadui. Wakaandaa mabango na mwongozo mfupi kwa wauzaji. Unawafundisha kuwa makini na mteja asiyejali ni silaha ipi, asiye na haja ya kujua namna ya kuisafisha wala kuitunza, anayetaka risasi chache tu. Na unawakumbusha kwamba wana haki ya kukataa kuuza. Watafiti walipozunguka madukani baadaye, karibu nusu walikuwa wameyatundika mabango hayo.

Mteja anayebishana kwa nusu saa kuhusu milimita 9 na geji 12 hamtii wasiwasi muuzaji aliyesoma mwongozo ule. Anayemtia wasiwasi ni yule anayesema yoyote itafaa.